Imerekebishwa Wapi

"Imerekebishwa wapi?" mwalimu wa kwaya aliniuliza, kidole chake kikiwa chini ya mstari niliouandika mwenyewe.

Tulikuwa kwenye duka la steshenari mjini Tukuyu, nilikokuwa nikishinda kuchapa barua na kutoa kopi tangu nirudi nyumbani na shahada ya kompyuta. Nje ilinyesha ile mvua ya kwetu ambayo huwezi kusema imeanza wala imekwisha. Mwalimu alikuwa ameshuka kutoka Lupepo kwa bodaboda, buti za mpira miguuni, mwavuli kwapani. Karatasi aliishika kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia ulishaanza kutetemeka. Mstari ulisema: *Imerekebishwa: maneno marefu hayasukumi tena nota za besi.*

"Kwenye programu, Mwalimu," nilisema.

"Programu ipi? Hii ya ofisini kwetu jana imeisukuma."

"Ile inayokuja."

"Sasa kitu ambacho hakijaja kimerekebishwaje?"

Mwenye duka alicheka huku akipanga karatasi kwenye mashine. Alikuwa mzaliwa wa Tukuyu, lakini babu yake alitoka Kilwa na Kiswahili chake hakikukubali kupanda mlima. "Mjibu mzee wako, injinia," alisema. "Na miye nasikiliza."

Nilisema kitu kuhusu taratibu za mradi. Mwalimu alinisikiliza kwa adabu, akakunja karatasi mara nne, akaitia mfukoni.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuandikia nota za solfa, zile do, re, mi za herufi ambazo kwaya za huku zimeimbia tangu enzi za mababu wa waimbaji wa leo. Niliifahamu kwa sababu yake. Siku ya kwanza alikuja dukani na wimbo alioutunga, umeandikwa kwa mkono ambao haukumtii tena, akataka uchapwe. Nilijaribu kwa programu ya kawaida ya kuandikia barua na nusu ya siku ikaenda kwenye nukta na mistari iliyokuwa ikikimbia. Nikatafuta mtandaoni, nikaikuta. Ilikuwa programu huria, maana yake yeyote aliweza kuichukua bure, kuifungua ndani, kuibadilisha, na kuwarudishia wenzake alichobadilisha. Aliyeianzisha aliishi nchi ya baridi, na aliniandikia kwamba bibi yake naye aliimba kwa herufi zile zile. Sijawahi kuuona uso wake. Picha yake kwenye mradi ilikuwa ya mbwa.

Tatizo ni kwamba ilitengenezwa na watu wa maneno mafupi. Mwalimu alitunga kwa Kinyakyusa, na Kinyakyusa hakina haraka. Neno moja linaweza kukaa juu ya mapigo matatu na bado lina mkia. Kila neno refu lilipowekwa chini ya soprano, programu ilitanua nafasi hapo juu ikasahau kutanua chini, na nota za besi zikasogea mbele pigo zima. Ukitazama karatasi haraka huoni kitu. Ukiimba, wanaume wanaingia wamechelewa.

Mimi sikuwa muumini wa kanisa, na wala sikuwa muumini wa solfa. Nilimuuliza mwalimu mapema kabisa kwa nini watu wasijifunze wimbo kwa kuusikia, kama watoto wanavyojifunza kusema.

"Ukisikia unamfuata aliyekuimbia," alisema. "Akikosea, mnakosea wote na hakuna anayejua."

"Na aliyeandika akikosea?"

"Huyo mnamwonyesha kwenye karatasi. Hawezi kukataa."

Sikushawishika sana. Lakini sikuwa na kazi, na chuo kilinifundisha kutengeneza vitu kwa ajili ya watu ambao sikuwahi kukutana nao, na huyu nilikuwa nimekutana naye. Nikajiunga na mradi.

Kazi ya kwanza niliyopewa ilikuwa ile ambayo hakuna aliyeitaka: orodha ya mabadiliko. Kila toleo jipya la programu hutoka na orodha inayosema nini kimeongezwa, nini kimebadilika, nini kimerekebishwa, nini kimeondolewa. Ya mradi wetu ilikuwa imetelekezwa. Toleo la mwisho lilitoka nikiwa sekondari, na chini yake palikuwa na sentensi moja tu, kwamba mambo mbalimbali yameboreshwa. Nilimwandikia mwanzilishi kumuuliza mambo gani. Akajibu kwamba yote yamo kwenye kumbukumbu za kazi, nikitaka nisome.

Nilisoma. Watu wanaotengeneza programu huacha neno fupi kila wanapoweka kazi yao, na maneno yale yalikuwa kama ya mtu anayejisemea jikoni. *Jaribu tena. Sasa hii. Samahani. Ile ya jana nimeitoa. Kwa nini?* Chini ya kila moja palikuwa na kitu halisi ambacho kingemsaidia au kumkwaza mtu fulani mahali fulani, na hakuna aliyemwambia. Nilijiwekea sheria kwamba kila mstari wa orodha usomeke na mwimbaji, hata asiyejua kompyuta imetengenezwa na nini. Pale walipoandika kwamba hesabu ya upana wa safu imepangwa upya, mimi niliandika kwamba ubeti wa tatu haukatiki tena mwisho wa ukurasa. Niliandika kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Mwanzilishi alisema hakuna mradi anaoujua wenye orodha ya Kiswahili. Nilimuuliza kama hiyo ni sababu ya kuandika au ya kuacha. Akaweka alama ya dole gumba. Alipenda sana dole gumba. Lilikuwa na maana ya ndiyo, nimeona, asante, na baadaye niligundua pia lilikuwa na maana ya sitaki kuzungumza.

Juu kabisa ya orodha kama hiyo huwa kuna kichwa cha yale ambayo hayajatolewa. Mambo hukaa hapo, yamekwisha kufanywa, yakisubiri siku ya toleo. Kichwa hicho ndicho kilichonivuta nikaanza kuuliza: litatoka lini?

Niliuliza kwa sababu ya mkutano. Walimu wa kwaya wa Lupepo, Nkunga, Igogwe na kwingine walikuwa wakutane mwezi wa nane kuamua jinsi ya kufundisha nyimbo za pamoja. Kijana mmoja, mwalimu wa Igogwe anayepiga kinanda, alikuwa anataka nyimbo zifundishwe kwa simu: unarekodi kila sauti peke yake, unaituma kwenye kundi, watu wanasikiliza wakiwa shambani. Solfa aliiona mzigo, kwani wachache tu walikuwa bado wanaweza kuiandika. Mwalimu wangu alikuwa na jibu moja tu, na jibu hilo lilikuwa programu. Kila ofisi ya kanisa ilikuwa na kompyuta kuukuu ya msaada, yenye lile toleo la zamani. Walimu wakiweza kuandika nota humo wenyewe, bila mkono wake na bila mimi, solfa ingebaki. Wasipoweza, ingekwisha naye. Hakulisema hilo la mwisho. Aliutazama mkono wake.

Mtu aliyesoma atauliza, nami nilijiuliza, kwa nini nisiwape ile niliyokuwa nayo mimi. Kwenye laptopu yangu nilikuwa naendesha programu changa, ambayo bado haijatolewa, yenye kazi ya kila wiki, na humo besi ilikaa mahali pake baada ya kuirekebisha. Nilijaribu kuiweka kwenye kompyuta ya ofisi ya Lupepo. Iligoma. Kompyuta zile za zamani zilihitaji kifurushi maalumu, na kifurushi hicho kilitengenezwa na mashine ya mwanzilishi peke yake, siku ya toleo. Ilibidi kusubiri toleo.

Basi tukapanga. Kikao kilikuwa cha kuandikiana, watu wanne kutoka pande nne za dunia, umeme ulikatika mara moja na nikarudi wakiwa wanajadili rangi ya vitufe. Nilipendekeza toleo litoke mwezi wa saba mwishoni. Mwanzilishi akaandika kwamba sawa, inawezekana. Nikaiweka tarehe kwenye ukurasa wa mpango. Besi niliirekebisha baada ya hapo, katika wiki moja ya kutolala vizuri, kazi ikakubaliwa, na nikaandika ule mstari kwenye orodha kwa furaha ambayo sasa naionea haya kidogo.

Mwalimu aliomba nimchapie mpango na orodha. Nilidhani anataka kuvisoma.

Jumapili mama alirudi kutoka kanisani, akaweka Biblia juu ya kabati, akavua viatu vyenye tope mlangoni.

"Umetangazwa," alisema.

"Nimetangazwa nini?"

"Baada ya ile harusi ya mwezi ujao, kabla ya mkutano wa akina mama. Mzee wa kanisa kasoma: programu ya nota itafika mwisho wa mwezi wa saba, besi imerekebishwa, walimu wote waache kunakili kwa mkono."

"Mama, ile ni tarehe ya kupanga tu."

"Kila tarehe ni ya kupanga. Harusi nayo wamepanga."

"Lakini hii inaweza isitimie."

Alinitazama kama ninavyotazamwa kila ninaposema jambo la chuoni. "Sasa kwa nini mliiandika?"

Kwenye miradi yetu tarehe ni matumaini yaliyovaa namba. Kila anayefanya kazi humo anajua, na hamlaumu mtu. Lakini huku kwetu kitu kilichosomwa kati ya harusi na mkutano wa akina mama ni kitu ambacho watu wanakiandalia chakula. Nilifikiria kwenda Lupepo kuomba tangazo lisahihishwe. Niliwaza maneno ya tangazo hilo la pili na sikuyapata. Yangesema nini? Kwamba huenda. Hakuna aliyewahi kusimama mbele ya kanisa akatangaza huenda. Na kwa kuwa mwanzilishi bado alikuwa anasema inawezekana, nilimwacha mwalimu afurahi.

Ndipo alipokuja na ile karatasi, na lile swali.

Tangu siku hiyo alipita dukani kila aliposhuka mjini. Alisimama mlangoni, akakung'uta mwavuli, akanisalimia kwa Kinyakyusa kama vile ninastahili heshima ya wingi, "Mugonile," kisha akauliza, "Limefika?"

"Bado, Mwalimu."

"Ndaga," alisema, ahsante, kana kwamba nimempa kitu.

Mwenye duka hakuweza kuvumilia. "Mwalimu, hilo toleo lako limepanda basi gani? Maana mengine haya yanalala Makambako."

"Linakuja na gari la wazungu," mwalimu alijibu. "Yale hayasimami njiani."

"Hayasimami, ila hayaanzi." Akanigeukia. "Injinia, hao wakubwa zako wanakulipa?"

"Hawanilipi."

"Na wao wanalipwa?"

"Hapana."

"Sasa nani anaweza kumgombeza nani?"

Alisema kwa mzaha na nilicheka. Baadaye niliona kwamba hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa kwenye vikao vyetu. Programu huria ina uhuru wa kuichukua, kuifungua, kuibadilisha, kuigawa. Anayesubiri hana uhuru wowote wa kumwambia mtu afanye haraka. Anatoa shukrani tu, kwa sababu amepewa bure.

Mwezi wa saba ulipofika mwishoni, mwanzilishi aliandika kwamba amepata wazo la kuongeza nota za aina nyingine, na ni vizuri ziingie kabla ya toleo. Nilipinga. Niliandika kwamba kuna watu wanaosubiri, nikawaeleza wenzangu mkutano, kompyuta kuukuu, mzee mwenye mkono unaotetemeka. Mmoja wao, mwanamke wa upande mwingine wa dunia, alijibu kwamba simulizi hiyo ni nzuri sana na kwamba tuiweke kwenye ukurasa wa mbele wa mradi. Mwanzilishi aliomba wiki moja. Kisha akaomba nyingine. Kisha hakuomba tena. Alama yake ya kijani, inayoonyesha kwamba mtu yupo, ilizimika, na ujumbe wangu ulibaki bila hata dole gumba. Hakuna mwingine aliyeweza kutoa toleo. Mashine ya kutengenezea vifurushi ilikuwa nyumbani kwake. Kwa hiyo watu wanne wa pande nne za dunia walikuwa watatu, na watatu hao hawakuwa na kitu.

Nilijiuliza kama anaumwa, kama amefiwa, kama amechoka tu. Nilijiuliza nina haki gani ya kukasirika. Nilikasirika hata hivyo, kisha nikakasirikia kukasirika kwangu, na katikati ya hayo niliendelea kuipanga vizuri orodha ya mabadiliko, kama mtu anayefagia uwanja wa nyumba iliyohamwa.

Mkutano ulifanyika kwenye ukumbi wa ushirika, viti vya plastiki, madirisha yamefungwa kwa ukungu. Mwalimu aliniomba nije nieleze. Alivaa koti lake la suti. Mbele yake aliweka nakala ya wimbo wake mpya niliyomchapia kutoka laptopu yangu, ile iliyo sawa; wimbo wenyewe nilikuwa nimemwekea pia kwenye flashi.

Kijana wa Igogwe alitangulia. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia na haikuwezekana. Alikuwa mpole, alimwita mwalimu wangu baba, na wimbo aliouchagua kuonyesha njia yake ulikuwa wa mwalimu mwenyewe, ule ule mpya. Alisema aliufungua kutoka kwenye flashi ya mwalimu, kwenye kompyuta ya ofisi yao, akaimba sauti moja moja kwenye simu. Aliweka simu juu ya meza, akaipandisha spika. Soprano, wanawake wakaifuata. Alto. Tena. Besi. Kabla chai haijaletwa, ukumbi mzima ulikuwa unaimba wimbo ambao walio wengi hawakuwa wameujua asubuhi. Ulikuwa mzuri. Hilo ndilo lililonivunja nguvu. Nilikaa pale na mashaka yangu yote, na mashaka yote yalikuwa upande wake.

Mwalimu alisimama. Sikujua wakati ule kilichokuwa kinampitia, nilidhani ni wivu au uchovu.

"Imependeza," alisema. "Lakini naomba tungoje. Programu ikifika, kila mmoja wenu ataandika mwenyewe, na atasoma mwenyewe. Tungoje toleo."

"Tunangoja, baba," mwalimu mmoja wa Nkunga alisema. "Lini?"

Mwalimu akanigeukia. Ukumbi wote ukanigeukia. Kulikuwa na jibu la huku, ambalo lingekuwa mwezi ujao, Mungu akipenda, na watu wangeitikia na jambo lingeahirishwa. Na kulikuwa na jibu la kweli.

"Sijui," nilisema.

Akakaa. Mtu akakohoa. Wakanyoosha mikono. Solfa haikupigwa marufuku, hakuna aliyesema neno hilo. Walikubaliana tu kwamba si lazima tena, na katibu akauliza kama kuna jingine.

Nilimsindikiza mwalimu hadi penye bodaboda. Manyunyu yalikuwa yanatua juu ya koti lake bila kuingia ndani. Nilitaka kumwambia kwamba nilisema kweli, na alinitangulia.

"Hukudanganya," alisema. "Ungedanganya kidogo."

Hakuja tena dukani. Mwenye duka aliniuliza kuhusu yeye kwa muda, halafu naye akaacha, na hata mzaha wa basi ukaisha. Nilimwandikia mwanzilishi kwamba naiacha kazi ya orodha, atakayeitaka aichukue. Niliiacha ikiwa safi. Juu kabisa pakabaki kile kichwa cha yasiyotolewa na chini yake kila kitu tulichokuwa tumekifanya. Baada ya majuma mengi likaja dole gumba.

Mara moja zaidi niliusikia wimbo ule. Binti wa jirani aliolewa na mama akasema nisiposhika kanga nikaenda naye, nisirudi kula kwake. Kwaya ilisimama, mikono mitupu, hakuna aliyeshika karatasi. Waliimba vizuri. Kwenye ubeti wa pili, lile neno refu la soprano lilipofika, nikasikia besi inaingia imechelewa. Pigo zima. Wanaume kumi na kitu waliingia pamoja, kwa uhakika, wakiwa wamekosea sawasawa. Hakuna aliyekunja uso. Kijana wa Igogwe aliusoma kwenye skrini ya ofisi, kwa programu ile ya zamani, akaurekodi kama alivyouona. Sasa wimbo ulikuwa hivyo, Lupepo, Nkunga, kote.

Mwalimu alikaa viti vya mbele pamoja na wazee. Hakuwa kwenye kwaya tena. Nilimtazama. Aliangalia mbele, uso umetulia, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya goti, ukitetemeka kama kawaida. Kidole kimoja kiligonga mahali besi ilipopaswa kuingia. Pigo moja baadaye, wakaingia. Ulipofika ubeti wa tatu kikagonga tena. Nilielewa kwamba siku ile ukumbini alikuwa ameshalisikia kosa, na kwamba alisimama kuomba muda badala ya kumwaibisha kijana wa watu mbele ya wenzake.

Baada ya ibada nilimsogelea nikamwambia nimeisikia besi.

"Wameizoea," alisema. "Ukiwarekebisha sasa utawaharibia." Akauliza hali ya mama kana kwamba hajamwona amesimama hapo pembeni.

Miaka imepita. Nafanya kazi Mbeya mjini, kwenye ofisi ambayo programu zake si huria na tarehe zake nazo hazitimii. Mwalimu amezikwa Lupepo, nyuma ya nyumba yake, upande wa migomba. Sikuwa nimefikiria mradi ule kwa muda mrefu mpaka siku moja, wakati wa chakula cha mchana, nilipoona kwamba toleo limetoka. Mwanzilishi alikuwa amerudi, bila maelezo. Nilifungua orodha ya mabadiliko. Ilikuwa yangu, mstari kwa mstari, Kiingereza na Kiswahili, hata koma niliyoiweka vibaya ilikuwepo. Na ule mstari ulikuwepo: *Imerekebishwa: maneno marefu hayasukumi tena nota za besi.* Nilifikiri, basi, sasa ningeweza kumjibu. Imerekebishwa hapa, Mwalimu.

Nikalipakua toleo. Humo nikaufungua wimbo wake, ambao bado ninao. Kwenye ubeti wa pili besi ilikuwa imesogea mbele pigo zima.

Nilirudi kwenye kumbukumbu za kazi kutafuta aliyeivunja. Hakuna aliyeivunja. Toleo hukatwa kutoka kwenye kazi kuu kama chipukizi linavyotolewa kwenye shina la mgomba: siku unayoling'oa, linaondoka na kile kilichokuwepo siku hiyo, na unachokifanyia shina baadaye hakilifikii. Zamani mwanzilishi alikuwa akitoa matoleo moja kwa moja kutoka shinani. Safari hii alibadilisha utaratibu. Alilikata toleo kwenye mashine yake mwenyewe, kimya, siku ile ile tuliyokubaliana tarehe, kabla sijarekebisha besi, na orodha akainakili baadaye, nzima. Hata lingetoka mwisho wa mwezi wa saba kama lilivyotangazwa kanisani, besi ingechelewa.